Mafundisho Hayajaisha Mpaka Mama Aonyeshe kwa Mikono Yake

Ndugu muuguzi, umempa mama pakiti ya SRO, yaani chumvi ya kuchanganya na maji kwa mtoto anayehara. Umemweleza namna ya kuichanganya. Umeuliza, "Mama, umesikia?" Naye amejibu, "Ndiyo, nimesikia." Umefurahi, ukaita mgonjwa mwingine. Je, kazi yako imekwisha? Hapana. Mara nyingi "ndiyo" hiyo ni adabu tu. Mama hataki kukuaibisha, wala hataki kuonekana mjinga mbele ya watu.

Sasa mfuate kwa mawazo mpaka kwake, ng'ambo ya mto Luvua, mbali na Kiambi. Amefika jioni, mtoto mgongoni. Nyumbani hana chombo cha lita moja. Ana kikombe, na chupa kubwa ya bia ambayo haifiki lita. Anamimina pakiti nzima katika kikombe, kwa maana anafikiri dawa kali ndiyo inayoponya. Chumvi imezidi, nayo inaweza kumdhuru mtoto. Tena nkambo wa mtoto anasema, "Anayehara asipewe maji, atazidi kuhara." Katika nyumba ile neno la nkambo ndilo linalofuatwa. Mama hakuyakataa mafundisho yako. Mafundisho yalibaki hospitalini.

Jambo hili si dogo. Kuhara huua mtoto kwa kumkausha maji ya mwili. Katika jimbo la Tanganyika kipindupindu hurudi mara kwa mara, hasa upande wa Kalemie, kwa watu wanaokunywa maji ya ziwa na ya mito. SRO huokoa wengi, lakini ni lazima ichanganywe sawasawa.

Katika nchi ya Bangladesh, shirika liitwalo BRAC lilianza mwaka 1980 kutuma wanawake nyumba kwa nyumba, kufundisha akina mama kutengeneza maji ya chumvi na sukari. Mama mwenyewe alichanganya, mwalimu akitazama. Siku nyingine alikuja mtu wa kupima mama amekumbuka nini. Mwalimu alilipwa kwa kadiri mama walivyokumbuka, si kwa kadiri yeye alivyosema. Kwa miaka 10 walifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Tufuate njia hiyo.

1. Uliza kwanza. "Mama, mtoto akihara mnafanya nini nyumbani? Nani anaamua? Mna chombo gani?" Usimcheke. Kama lugha ya nyumba yake ni Kiluba, fundisha kwa Kiluba.

2. Mwite anayeamua. Pengine ni mume, pengine ni nkambo anayepika nje ya hospitali. Mwambie kwa heshima: "Nkambo, tazama kibuyu hiki chenye tundu. Maji yanatoka. Tusipoongeza mengine, kitakauka. Na mtoto ni vivyo hivyo."

3. Fundisha mambo matatu tu. La kwanza: pakiti nzima katika lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa na kupoa. Yakibaki baada ya siku moja, yamwagwe. La pili: mtoto anyweshwe kidogo kidogo kila anapohara. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha mwendelee polepole. Maziwa ya mama na chakula visikatwe. La tatu: aletwe upesi, usiku au mchana, kama hawezi kunywa, anatapika kila kitu, analegea, macho yameingia ndani, choo kina damu, au choo ni kama maji ya mchele. Njiani azidi kunyweshwa.

4. Ipe mikono yake kazi. Chukua chombo chake mwenyewe. Kama ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, pima lita moja, umimine ndani, kisha ukwaruze alama kwa kisu pale maji yalipofika. Halafu mama achanganye, aonje, amnyweshe mtoto kwa kijiko. Wewe ufunge mikono yako na kutazama.

5. Mwombe akurudishie mafundisho. Usiulize, "Umesikia?" Sema, "Mama, nataka kujua kama mimi nimefundisha vizuri. Kesho jirani akikuuliza, utamwambia nini?" Akikosa, usimkaripie. Kosa ni la mwalimu. Eleza tena kwa njia nyingine, naye aonyeshe tena.

Labda utasema, "Wagonjwa ni wengi, sina nafasi." Ni kweli, kazi ni nyingi. Basi wafundishe mama watano pamoja asubuhi, mmoja achanganye na wengine wamsahihishe. Dakika hizo ni chache kuliko usiku mzima wa kumtafutia mshipa mtoto aliyekauka.

Tena mafundisho hayo si ya kuhara tu. Mwenye dawa za kifua kikuu akuonyeshe vidonge vya asubuhi. Mwenye kidonda akioshe mbele yako.

Jioni ukivua nguo zako za kazi, jiulize: Leo nimesema na wangapi? Wangapi wamenionyesha? Hesabu yako ya kweli ni hiyo ya pili.