Shaaban, Kezilahabi na swali la mzazi

MZAZI mmoja alinisimamisha majuzi baada ya mkutano wa shule, mkononi ana nakala ya Kichwamaji. “Mwalimu, hebu niambie. Kijana wangu siku hizi hata mezani haongei, na kumbe anasoma kitabu ambacho msomi anaishia kujiua. Si afadhali asome Shaaban Robert?”

Nilimjibu harakaharaka, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Acha nijaribu tena hapa.

Shaaban Robert (1909-1962) aliamini kwamba binadamu hurekebishika. Katika Adili na Nduguze (1952), Hasidi na Mwivu wanamtendea ndugu yao unyama, wanageuzwa manyani, na hatimaye wanarejeshewa umbo la watu. Tazama majina hayo. Jina limekwisha kumhukumu mtu kabla hajatenda lolote! Ukifuata majina, ndugu hawa hawana pa kutokea. Ila mwandishi anawafungulia mlango: husuda kwake ni maradhi, na maradhi yana tiba. Katika Kusadikika (1951) pia, Karama anashtakiwa na Majivuno, lakini hoja zake zinashinda na waliotupwa gerezani wanaachiliwa. Tusidhani alikuwa mtu wa ndoto tu. Aliandika chini ya ukoloni, baada ya miaka mingi ya ukarani forodhani. Dhuluma aliijua.

Euphrase Kezilahabi (1944-2020) anatuletea Kazimoto, mtu mwenye jina la kawaida kama la jirani yako. Amefika chuo kikuu. Anajichunguza mno, na kasoro zake anaziona waziwazi, lakini kuziona hakumponyi. Nadhani hapa ndipo wawili hawa wanapoachana. Kwa Shaaban, mtu akielimishwa na kuonywa, utu wake hujitokeza. Kwa Kezilahabi, mtu anaweza kujua na bado asiweze. Elimu imemtenga Kazimoto na kijiji chake bila kumpa makao mengine, na maswali yake kuhusu Mungu hayapati wa kuyajibu. Riwaya hii ilitoka 1974, miaka 13 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, wakati ambapo shule ilitazamiwa kutibu karibu kila kitu.

Darasani tumezoea kuwagawa: huyu mwadilifu, yule mkata tamaa. Kwa mtihani inatosha. Lakini tasnifu ya uzamili ya Kezilahabi, aliyoikamilisha 1976 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilimhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Mtu hakeshi na vitabu vya mwenzake asiyemjali. Mimi huisoma Kichwamaji kama swali la mdogo kwa mkubwa wake: sawa, mzee, lakini je, yule asiye na jini wala mfalme wa kumrejeshea umbo lake?

Kijana anayesoma habari za Kazimoto hafunzwi kujiua. Huenda amekutana kwa mara ya kwanza na mtu aliyetamka jambo ambalo yeye amelimeza tu. Swali la mzazi yule lilikuwa la haki, ila nililijibu upande wa kitabu nikasahau upande wa meza. Nilipaswa kumwambia akisome kitabu hicho yeye pia, kisha amwulize mwanawe anamwonaje Kazimoto, na anyamaze amsikilize. Namba yake ya simu ninayo. Nitampigia leo jioni.