Mrututu na bakteria wa majitaka: kipimo cha saa tatu

Na Mwandishi Wetu, Tunduma

MRUTUTU, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, huchanganywa na chokaa na kupuliziwa mibuni ili kuzuia kutu ya majani. Katika mkoa wa Songwe, ambako wilaya ya Mbozi inasifika kwa kahawa, dawa zenye shaba si jambo geni.

Hata hivyo, kinachoua kuvu kwenye jani huweza pia kuua bakteria wanaosafisha majitaka. Bakteria hao wakifa, kinyesi hakiozi ipasavyo na maji hutoka yakiwa machafu karibu kama yalivyoingia.

Jambo hilo linauhusu pia mji wa Tunduma, mpakani na Nakonde ya Zambia, ambako malori hupitisha shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam na kemikali kuelekea migodini. Suuza ya pipa au ya bomba la kupulizia dawa ikimwagwa chooni, haipotei.

Je, mtaalamu hutambuaje kiasi kinachodhuru? Njia inayotumika kimataifa ilipitishwa na Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) mwaka 1984 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2010. Msingi wake ni mwepisi: kiumbe hai hupumua, na anayepewa sumu hupumua kidogo.

Tope huchukuliwa kutoka mtambo unaosafisha majitaka kwa kuyapulizia hewa, teknolojia iliyoanzia Manchester, Uingereza, mwaka 1914. Hugawanywa katika vyombo kadhaa, likapewa chakula kinachofanana na majitaka, kisha kila chombo kikatiwa chumvi kwa kiwango tofauti, kwa mfano miligramu 10, 100 na 1,000 kwa lita. Vyombo vingine haviwekewi chumvi kabisa, viwe vya kulinganishia.

Baada ya saa tatu za kupuliziwa hewa katika joto la nyuzi 20 hivi, sampuli hufungiwa na kifaa hupima jinsi oksijeni inavyopungua. Ikipungua kwa kasi, bakteria wako kazini. Ikisuasua, wameathirika. Kinachotafutwa ni kiwango kinachopunguza upumuaji kwa nusu.

Mrututu wenyewe hutumika kama kielelezo cha kuhakiki kipimo hicho: nusu hiyo inatakiwa kufikiwa kati ya miligramu 53 na 155 kwa lita. Kwa hesabu ya kawaida, gramu 100 tu zikiyeyushwa katika tangi la lita 1,000 zinatosha kuingia katika kiwango hicho. Bakteria wanaobadili amonia kuwa naitreti kwa kawaida ni dhaifu zaidi, ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2010 yaliruhusu upumuaji wao upimwe peke yake.

Kwa maoni ya mwandishi, kipimo hicho kina upungufu kwa mazingira yetu. Shimo la choo halipuliziwi hewa, na bakteria wake wengi huishi bila oksijeni. Kwa hao upo utaratibu mwingine wa OECD, wa mwaka 2007, unaopima kupungua kwa gesi inayotoka kwenye tope linalooza, nao ndio ulio karibu zaidi na hali ya mashimo. Aidha, saa tatu hazionyeshi madhara ya dozi ndogo inayoingia kila wiki.

Tope nalo lina tabia ya kunasa shaba. Hilo huwapa bakteria nafuu, kwa kuwa chuma kilichonaswa hakiwafikii kwa urahisi, lakini shaba haiozi. Gari la kunyonya majitaka linapoondoa tope hilo, shaba huondoka nalo, na likikaushwa na kutumiwa kama mbolea huishia shambani.

Kemikali za viwandani na majumbani husimamiwa nchini na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya mwaka 2003. Kwa mkulima, suuza ya bomba hurudishwa katika bomba hilohilo na kupuliziwa mibuni ileile iliyokusudiwa, si chooni wala mtoni.