Chumvi ilikwisha soko, maji moto yakabaki

KATIKA jangwa la mashariki mwa jimbo la California, Marekani, lipo bonde liitwalo Saline. Limezungukwa na milima mikavu, na barabara za vumbi zinazolifikia huzibwa na theluji nyakati za baridi. Hata hivyo, katikati ya ukame huo hububujika chemchemi za maji moto.

Asili yake ni ardhi yenyewe. Ganda la dunia katika eneo hilo linavutwa pande mbili, likipasuka na kuwa jembamba. Maji ya mvua na theluji hupenya kwenye nyufa, hupata joto chini sana, kisha hupanda tena. Ndivyo ilivyo pia kwa chemchemi zinazolisha Ziwa Magadi katika Bonde la Ufa nchini Kenya.

Bonde la Saline halina mto unaotoka nje. Maji yanayotuama humo hukaushwa na jua, nayo chumvi ikabaki. Ndiyo iliyowavuta wachimbaji. Lakini ingefikaje sokoni? Magadi ilijengewa reli. Saline haikuwa na reli. Kati ya mwaka 1911 na 1913, kampuni ya chumvi ilitandaza nyaya za chuma umbali wa takriban kilomita 21 juu ya Milima ya Inyo, ambapo ndoo zilizojaa chumvi zilining'inia angani zikivuka kimo cha zaidi ya mita 2,600 hadi Bonde la Owens. Gharama ziliilemea biashara hiyo, na katika miaka ya 1930 shughuli zilikoma.

Minara ya mbao ingali imesimama mlimani. Kwingineko milimani yamebaki mashimo ya migodi ya kale, ambayo ni hatari: mbao zake zimeoza na hewa ndani yake yaweza kuua. Aidha, wachimbaji katika jangwa hilo waliwaacha punda wao, na vizazi vyao vimegeuka wanyama wa mwituni wanaokanyaga na kuchafua chemchemi ambazo wanyama wa asili huzitegemea.

Tangu mwaka 1994 bonde hilo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Death Valley. Mgodi ulidumu miongo michache tu, ilhali watu wa jamii ya Timbisha Shoshone walikuwa wakiishi kwa maji ya bonde hilo tangu kale. Katika jangwa, anayechimba mali hana budi kuyalinda maji kwanza.