Kupanda Ngosi, Kushuka Salama

Wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, Mto Kiwira hupita chini ya daraja ambalo halikujengwa na fundi yeyote. Wenyeji huliita Daraja la Mungu. Ni tao la mwamba lililotokana na uji wa volkano ulioganda juu ya mto, huku maji yakijitafutia njia chini yake. Kulifikia si kazi kubwa. Hatari iko kwenye mwamba wenyewe, kwani wilaya hii hupata mvua nyingi, na jiwe lenye kuvumwani huteleza kama sabuni.

Safari ya Ziwa Ngosi ni jambo jingine. Ziwa hilo limo ndani ya kreta, na ukingo wake uko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,600. Njia hupanda katikati ya msitu wenye unyevu na migomba mwitu, nayo huwa kali zaidi karibu na kilele. Ndipo miti hufunguka ghafla na ziwa kuonekana chini kabisa, limezungukwa na kuta za mwamba. Katika mwinuko huo kila pumzi hubeba takriban robo tatu tu ya oksijeni inayopatikana pwani. Mkazi wa Mbeya amekwisha kuzoea kwa sehemu. Aliyewasili jana kutoka Dar es Salaam atahema mapema, na hilo si dalili ya ugonjwa.

Mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari huambiwa kila anapohudhuria kliniki, “Fanya mazoezi,” na mazungumzo yakaishia hapo. Ushauri huo ni sahihi lakini ni mfupi mno. Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea vilimani ni njia nzuri ya kuzitimiza. Mhudumu wa afya hana budi kuuliza: utatembea wapi, na unatumia dawa gani? Aliyekaa miaka bila mazoezi asianze na Ngosi. Aanze na vilima vya jirani kwa wiki kadhaa. Anayebanwa na kifua apandapo ngazi apimwe kwanza. Mwenye selimundu asipande bila ushauri wa daktari wake, maana upungufu wa maji, baridi na uchovu vinaweza kumletea maumivu makali.

Dawa nazo zina mambo yake. Za kuongeza mkojo huharakisha upungufu wa maji, ingawa haifai mgonjwa kuziacha kwa uamuzi wake mwenyewe. Atenololi huzuia mapigo ya moyo yasipande, hivyo kuhesabu mapigo hakumsaidii anayeitumia. Kipimo bora ni mazungumzo. Akishindwa kumaliza sentensi bila kuhema, apunguze mwendo.

Anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari njiani, hata usiku baada ya kurejea. Kwa anayetumia metformini peke yake hali hiyo ni nadra. Akianza kutetemeka, kutoka jasho baridi au kuchanganyikiwa, akae chini mbali na ukingo, apewe gramu 15 hadi 20 za sukari katika maji au soda ya kawaida, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Parachichi la Rungwe, pamoja na sifa zake zote, halifai kwa dharura hii: lina sukari kidogo mno.

Wengi huhofia kupanda, kumbe kushuka ndiko huumiza zaidi. Misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, nayo huchoka; magoti hubeba mzigo mkubwa na mguu huteleza kwenye tope. Fimbo, hatua fupi na viatu vyenye soli ya meno husaidia sana. Ni vyema kuanza kushuka mapema, miguu ikiwa bado na nguvu na mwanga ukiwa bado msituni.

Jioni, mwenye ganzi ya miguu avue soksi na kukagua nyayo zote mbili, hata katikati ya vidole, kwa kioo au kwa msaada wa ndugu. Lengelenge lisilouma ndilo la kuogopwa kwake. Lisitumbuliwe kwa pini nyumbani. Lifunikwe kwa kitambaa safi na lionwe kituo cha afya kesho yake.