Mwindo, Muhindo, Kahindo: majina yanayoishia na «-indo» yanaeleza nini?

Kule Kibua, mahali Masisi na Walikale zinakutana, mutoto anaweza kupewa jina la Kifaransa, la Kiswahili kama vile Baraka ao Furaha, ao jina la ukoo. Kati ya yale ya ukoo kuko kikundi kidogo kinachoishia na sauti moja: -indo. Mutu mwenye kuyajua, akiyasikia tu, tayari amepata habari fulani ya nyumba ile: waliomutangulia mutoto huyu walikuwa wasichana tupu, ao wanaume tupu, na yeye njo alikuja kugeuza mustari.

Tuanze na lile ambalo ni adimu zaidi. Mwindo ni jina la Wanyanga wa Walikale, na kwa desturi linapewa mutoto mwanaume anayezaliwa nyuma ya wasichana kadhaa. Nje ya Walikale watu wengi hawajakutana nalo, lakini katika vitabu limefika mbali kupita majina yetu karibu yote. Mwaka 1956, muchunguzi Mubelgiji Daniel Biebuyck aliandika kwa Wanyanga hadithi ndefu ya shujaa Mwindo kutoka kinywani mwa Shé-Karisi Rureke, musimulizi ambaye alikuwa anaiimba, anaicheza na kuieleza. Pamoja na Kahombo Mateene, aliitoa katika kitabu kule Marekani mwaka 1969. Leo wanafunzi wa mbali sana wanasoma juu ya Mwindo, na wengi wao hawajui kama ni jina ambalo mama wa Walikale anaweza bado kuita jioni mutoto arudi nyumbani.

Hadithi yenyewe inageuza mambo. Watu wanafikiri jina la namna hii linatoka katika furaha ya baba aliyengojea mwanaume kwa muda mrefu. Kwa Rureke si vile. Mwami Shemwindo wa Tubondo alikuwa na wake saba, na aliwaamuru wote wazae wasichana tu. Mwanaume akizaliwa, atauawa. (Musichana analeta mali nyumbani, na mwanaume anaitosha. Kila muzee anajua hesabu hiyo.) Wake sita wakazaa wasichana. Wa saba, Nyamwindo, ambaye mwami alimupenda kupita wengine, akazaa mwanaume, tena si kwa njia ya kawaida: mutoto alitokea katika kidole cha katikati cha mama yake. Baba alijaribu kumuua kwa mukuki, kisha akamuzika, kisha akamufungia ndani ya ngoma na kumutupa mutoni. Mutoto hakukufa. Aliimba ndani ya ngoma na kwenda kumutafuta shangazi yake Iyangura. Wasichana sita mbele, mwanaume nyuma: jina linaingia pale sawasawa, hata kama baba hakulitaka. Hata majina ya wazazi wake yanatoka kwake, kwa maana Shemwindo ni baba ya Mwindo na Nyamwindo ni mama yake. Leo tunasema vilevile kwa Kiswahili, Baba Fulani, Mama Fulani.

Muhindo na Kahindo yanajulikana zaidi. Upande wa Beni, Butembo na Lubero ni majina ya kila siku. Wanande wana desturi ya kuhesabu watoto kwa majina: kwa wanaume, wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa ine Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana nao wana mustari wao. Muhindo na Kahindo ni ya pembeni. Hayasemi mutoto ni wa ngapi. Yanasema mufuatano umegeuka. Mwanaume anayekuja nyuma ya wasichana ni Muhindo, musichana anayekuja nyuma ya wanaume ni Kahindo. Ngambo ya Rwenzori, kwa Wakonzo wa Uganda, Muhindo linaweza kupewa mwanaume ao mwanamuke. Huku kwetu, herufi za mwanzo njo zinatenganisha.

Mwenye kujua Kinyarwanda hatashangaa. «Guhinduka» ni kugeuka. Kiswahili nacho kina «kupinduka», juu mara nyingi mahali Kiswahili kinaweka p, Kinyarwanda kinaweka h: kupa ni «guha». Kwa hiyo Muhindo ni wazo la kugeuka, na Mwindo linakaa karibu naye kwa sauti na kwa kazi.

Si kila mwisho unaofanana unafanya kazi hiyo. Habimana, Hakizimana na Bizimana, ambayo yanasikika sana Masisi, yanaishia na Imana, ni kusema Mungu: Mungu yupo, Mungu anaponyesha, Mungu anayajua. Emmanuel na Daniel ni vilevile. Ile «el» ya mwisho ni Mungu kwa Kiebrania. Pale muzazi anaongea na Mungu. Kwa -indo, anaongea juu ya ndugu za mutoto.

Ila mutu asikimbilie kuhukumu. Kuko Mwindo ambaye ni wa kwanza kwao, sababu alirizi jina la babu. Kuko Muhindo ambaye mama yake si Munande, kwa vile watu wanaoana, wanahama, wanapeana majina. Katika eneo ambako jina peke yake linaweza kumufanya mutu aulizwe kabila kwenye kizuizi cha barabarani, jambo hili si dogo. Jina lenye kuishia na -indo linaeleza nani alitangulia kuzaliwa, kabila halilishuhudie.

Magumu mengine yanatoka kwa kalamu. Mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya kikristo, na sheria ya familia ya 1987 ikaomba majina yachukuliwe katika utamaduni wa Congo. Kwa hiyo Mwindo na Kahindo hayana shida mbele ya sheria. Shida ni muandikaji asiyeyajua. Akisikia Mwindo anaandika Muhindo, ambalo amelizoea. Akikosea herufi mbili, Kahindo anakuwa Muhindo, na musichana anasomwa kama mwanaume. Miaka kumi baadaye, cheti cha masomo kinasema hivi, karatasi ya kuzaliwa inasema vile, na kusahihisha kunaomba hukumu ya tribinali.

Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mutoto inapatia wazazi siku 90 za kumuandikisha mutoto kwa eta-sivil. Zikipita, hapo pia ni kupitia tribinali. Kwa familia ambayo imekimbia vita, siku 90 zinaisha haraka. Karatasi ya kuzaliwa ambayo kituo cha afya kinatoa njo ya kwanza kulinda. Kabla ya kuondoka pale, muzazi anaweza kumuomba muuguzi asome jina herufi kwa herufi: M-W-I-N-D-O. Kama hajui kusoma, aende na mutu wa familia anayejua.