Kutoka tuktuk hadi pikipiki: kwa nini madereva huanguka

Dereva wa tuktuk mjini Wote au Kitui anapohamia pikipiki, wengi humdhania hana jipya la kujifunza. Hata leseni ya Kenya, daraja la A3, huviweka vyombo hivyo katika fungu moja: bodaboda pamoja na vyombo vyepesi vya magurudumu matatu. Barabara haivitazami hivyo.

Tuktuk husimama yenyewe. Ukitaka kwenda kushoto, unaugeuza usukani kushoto, nayo hutii. Cha kuchunga ni isipinduke kuelekea nje ya kona. Pikipiki sharti ilale kwanza upande wa kona. Ikiwa katika mwendo, dereva husukuma mbele kidogo mkono wa kushoto wa usukani. Gurudumu la mbele huelekea kulia kwa nukta moja, chombo huinama kushoto, ndipo kikakata kona. Mwendesha baiskeli hufanya vivyo hivyo bila kujua. Aliyezoea magurudumu matatu huuvuta mkono huo, akashangaa anapelekwa kulia.

Mwendo ukipungua mno, usukani huelekezwa upande ambao chombo kinaangukia. Hapo ndipo penye mashaka anapovuka mchanga wa mito ya msimu kama Tiva na Kaiti, hasa nyuma pakiwa na mitungi minne ya maji ya lita 20, yaani kilo 80 zinazoyumba. Heri aanze uwanjani, bila mzigo, kofia ngumu ikiwa kichwani. Na asisahau kuuteremsha mguu anaposimama. Tuktuk haikuwahi kumdai hilo.