Koti, kanzu au viraka? Albamu ya Dolly Parton inavyomtoa jasho mfasiri

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliniletea zoezi lililoninyima usingizi. Alikuwa amejaribu kutafsiri jina la albamu ya Dolly Parton, mwimbaji wa kantri wa Marekani: ‘Coat of Many Colors’, iliyotoka mwaka wa 1971. Akaandika ‘Koti la Viraka’. Mwanzoni nilisema, kijana amepatia. Baadaye nikajiambia, hapana, ngoja kwanza.

Albamu hiyo ina nyimbo 10. Saba alizitunga Parton mwenyewe, na tatu Porter Wagoner, aliyekuwa akiimba naye miaka hiyo. Wimbo ulioipa albamu jina ni kisa cha utotoni mwake katika milima ya Tennessee, katika familia ya watoto 12. Mama anaunga vipande vya matambara amshonee bintiye koti. Huku anashona, anamsimulia habari za Yusufu na vazi alilopewa na babake. Mtoto anaenda shuleni akiringa, kumbe wenzake wanamsubiri kwa kicheko.

Sasa tazama mtego. Anayesoma Kiingereza akikutana na jina hilo, Yusufu anamjia papo hapo, kwa kuwa Biblia ya King James ya 1611 inalitaja vazi hilo kwa maneno hayo hayo. Lakini katika Biblia yetu ya Muungano, Yusufu anashonewa kanzu ndefu tu. Rangi hazimo! Wala si kosa la wafasiri wetu. Neno la Kiebrania katika Mwanzo 37 halina maana iliyo wazi: wafasiri wa kale wa Kigiriki waliona rangi, wataalamu wengine wanaona urefu au mikono mirefu. Ukiandika ‘Kanzu Ndefu’, basi, Yusufu anabaki ila matambara yanapotea, na hatujui tena watoto wanacheka nini. Ukiandika ‘Koti la Rangi Nyingi’, Yusufu naye anaaga.

Na viraka je? Hapa ndipo nilipotofautiana na mwanafunzi wangu. Kiraka katika Kiswahili kimebeba umaskini wake mgongoni. Ukikitaja, umeshamhukumu mvaaji. Mama huyu alifanya kinyume. Alichukua matambara akayaona rangi. Mfasiri anayeweka viraka kwenye jina la albamu amesimama upande wa watoto wanaocheka, hata kama hakukusudia.

Mimi ningechagua ‘Kanzu ya Rangi Nyingi’. Najua wapo watakaoniambia kwamba kanzu ni vazi la mwanamume aendaye msikitini, si la msichana wa Tennessee. Sawa, lakini neno hilo ndilo linalomleta Yusufu kwa msomaji wetu, na rangi zinamwachia mama kazi yake. Ndani ya wimbo wenyewe, ambako umaskini unatajwa bila kufichwa, viraka vitumike tu.